Almasi yenye Dosari: Mbinu za Kusoma Sumaku kwa Mwanga Mwekundu

Usianze na leza. Anza na almasi, tena almasi mbaya. Jiwe jeupe safi linalomfurahisha sonara halina kazi hapa. Unatafuta kipande bapa cha milimita 3 kwa 3, kilichooteshwa kiwandani kwa joto na shinikizo kubwa, chenye rangi ya waridi au zambarau. Rangi hiyo ndiyo kipimo chako cha kwanza. Almasi ya aina hii kabla ya kutibiwa huwa ya njano, kwa sababu atomu za nitrojeni zimekaa mojamoja katika nafasi za kaboni. Ikipigwa kwa elektroni zenye nishati kubwa, baadhi ya atomu za kaboni hung'oka na kuacha mapengo. Kisha ikichomwa kwenye tanuri lisilo na hewa, kwa nyuzi 800 hivi za Selsiasi, mapengo hutembea ndani ya fuwele mpaka yanaswe na nitrojeni. Nitrojeni pamoja na pengo lililo jirani yake: jozi hiyo wataalamu huiita NV, nayo ndiyo itakayotusomea sumaku.

Kupiga na kuchoma si kazi ya karakana ya chuo, kwa hiyo nunua jiwe lililokwisha kutibiwa. Hata la njano litaonyesha kitu, ila mwanga wake ni hafifu na utahangaika bure.

Wapo watakaouliza kuhusu almasi za Mwadui, kule Shinyanga. Nzuri, lakini si za kazi hii. Almasi za asili zimekaa ardhini kwenye joto kwa muda mrefu mno, na katika nyingi kati yake nitrojeni imeshahama na kukusanyika wawiliwawili na wannewanne. NV inataka nitrojeni iliyo peke yake. Hapa jiwe la kiwandani linalishinda la mgodini.

Kinachotokea ndani ya jiwe

Ipige NV kwa mwanga wa kijani nayo itarudisha mwekundu, kuanzia nanomita 637 hadi karibu 800. Elektroni zake zina spini inayoweza kukaa katika hali tatu: sifuri, jumlisha moja na toa moja. Ikiwa kwenye sifuri, NV hung'aa vizuri. Ikiwa kwenye mojawapo ya hizo mbili nyingine, hufifia, kwa kuwa sehemu ya nishati yake hupita njia ya pembeni isiyotoa mwanga mwekundu. Njia hiyo ya pembeni huirudisha NV kwenye sifuri. Kwa hiyo kijani kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinaiandaa spini na kinaisoma.

Sasa leta maikrowevu ya gigahezi 2.87. Spini inahama kutoka sifuri, mwanga mwekundu unapungua, na kwenye grafu unaona bonde. Sogeza sumaku karibu na bonde linagawanyika mawili, kwa sababu jumlisha moja na toa moja zimeachana: kila moja imesogea megahezi 28 kwa kila militesla ya uga wa sumaku uliolala kwenye mhimili wa NV, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Namba hiyo ya 28 haitegemei jiwe lako, leza yako wala ustadi wako. Hii ndiyo sababu ninaipenda njia hii kuliko vipima-sumaku vya kawaida: unachosoma ni frikwensi, na frikwensi ni kitu ambacho hata kifaa cha bei rahisi hukisoma kwa usahihi mkubwa. Kazi yako yote iliyobaki ni kuhakikisha frikwensi hiyo haikudanganyi.

Mezani

Leza ya kijani ya miliwati 50 hadi 100 inatosha kuanzia. Hapa wengi hukimbilia kalamu za leza za sokoni, na hapo ndipo matatizo huanza. Kalamu nyingi za nanomita 532 hutengeneza kijani kutokana na infraredi, na infraredi hiyo, ya nanomita 808 na 1064, inaweza kuvuja pamoja na kijani. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walieleza kuhusu kalamu moja iliyovuja infraredi nyingi kuliko kijani chake. Kwa jicho ni hatari usiyoiona. Kwa kipimo chako ni balaa jingine: kichujio chekundu kitaipitisha infraredi hiyo moja kwa moja hadi kwenye fotodiodi, na mabadiliko madogo ya NV yatazama humo.

Ushauri wangu: nunua leza ya diodi ya nanomita 520. Inatoa kijani moja kwa moja bila kupitia infraredi, NV inaikubali vizuri, na unaweza kuiwasha na kuizima kwa umeme, jambo utakalolishukuru baadaye. Ukilazimika kutumia ya 532, weka mbele yake kioo cha kuzuia infraredi. Kamera mbovu ya kompyuta huwa na kimoja kidogo nyuma ya lenzi yake.

Miwani ya kinga si ya hiari. Almasi huakisi takriban asilimia 17 ya mwanga unaoipiga wima. Leza ya miliwati 100 inarudisha basi mwale wa miliwati 17 kwenda upande usiouchagua, ilhali miliwati 5 tu zinatosha kuingiza leza kwenye daraja la hatari kwa macho. Weka ukuta mweusi usiong'aa kuzunguka meza, vua saa na pete, na miale yote ibaki chini ya usawa wa macho ya aliyeketi. Kuna faida moja ya pembeni: miwani ya rangi ya chungwa inayozuia kijani hupitisha mwekundu. Ukiivaa, zima taa za chumba na uitazame almasi. Ikiwaka nyekundu, una NV. Isipowaka, rudisha jiwe kwa muuzaji kabla ya kulehemu chochote.

Mwanga huo mwekundu haupendi kutoka. Almasi inapinda mwanga mno, kiasi kwamba mwale unaoufikia uso kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 25 kutoka wima hurudishwa ndani. Mwanga mwingi basi huzunguka humo na kutokea kingoni. Lenzi ya bei ghali juu ya jiwe itakupa kidogo. Kubandika jiwe juu ya kichujio chekundu, na kichujio juu ya fotodiodi pana, kutakupa zaidi kwa gharama ndogo. Kichujio kipitishe kuanzia nanomita 650 kwenda juu.

Kwa upande wa maikrowevu, vibao vidogo vyenye chipu ya ADF4351 hutoa frikwensi kuanzia megahezi 35 hadi gigahezi 4.4, na Arduino inatosha kuviamuru. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo utahitaji amplifaya inayokufikisha karibu na nusu wati. Antena ni kitanzi cha waya wa shaba chenye kipenyo cha milimita 1 au 2, kilicholehemiwa kati ya waya wa katikati na wavu wa kebo ya koaksi, na almasi igusane nacho. Funika vyote kwa boksi la chuma. Eneo la gigahezi 2.7 hadi 2.9 linatumiwa na rada za viwanja vya ndege, na hutaki kuwa jirani mbaya.

Bonde la kweli na bonde la uongo

Pitisha frikwensi polepole kutoka gigahezi 2.80 hadi 2.94 na uchore mwanga mwekundu dhidi yake. Usitegemee maajabu. Kwa jiwe lenye NV nyingi, bonde la asilimia 1 au 2 ni matokeo mazuri ya siku ya kwanza, na leza ya kawaida yenyewe inaweza kupepesuka kwa kiasi hichohicho. Dawa ni mbili. Kwanza, chukua sehemu ya kijani kabla ya kufika kwenye jiwe, ipime kwa fotodiodi ya pili, kisha toa au gawanya. Pili, washa na uzime maikrowevu mara elfu moja kwa sekunde, na uhesabu tofauti tu ya mwanga kati ya kuwaka na kuzima. Kupepesuka kwa leza hakufuati mdundo huo, kwa hiyo kunajifuta.

Ila mbinu ya pili inaleta ulaghai wake. Fotodiodi na amplifaya yake ni antena pia. Maikrowevu yakipenya humo kwa mdundo uleule unaousikiliza, utapata ishara nzuri, thabiti, inayorudiarudia, ambayo haina uhusiano wowote na almasi. Kitanzi chenyewe hukubali baadhi ya frikwensi na kukataa nyingine, hivyo ishara hiyo ya uongo inaweza hata kuwa na umbo la bonde.

Ziba leza kwa kadi nyeusi na upitishe frikwensi upya. Kitu chochote kinachobaki kwenye grafu ni umeme unaovuja, si spini. Kisha fungua leza, leta sumaku ya neodimiamu kutoka umbali wa sentimita 20 hivi, na uisogeze taratibu. Bonde la kweli litapanuka, litagawanyika, na matawi yake yatakimbia pande zote mbili za 2.87 kwa hatua zinazolingana. Bonde lisilojali sumaku litupe, hata liwe zuri namna gani. Mwanafunzi anayeniletea grafu ya bonde moja bila sumaku sina la kumwambia mpaka aniletee ya pili.

Tahadhari moja hapa: katika mawe mengi ya aina hii utaona mabonde mawili yaliyobanana hata kabla sumaku haijafika. Fuwele imejikunja kidogo ndani, na mkunjo huo pamoja na chaji za umeme zilizomo hutenganisha hali mbili kwa megahezi chache. Si uga wa sumaku.

Wala usijisumbue kutafuta uga wa dunia kwa jicho. Nairobi au Dar es Salaam uga huo ni takriban mikrotesla 33, na hata ukilala sawasawa kwenye mhimili utatenganisha matawi kwa chini ya megahezi 2. Kiini cha nitrojeni ya kawaida peke yake hugawanya kila tawi katika mistari mitatu iliyoachana megahezi 2.16. Vyote vitachanganyikana. Weka kwanza uga wa kudumu wa militesla 1 hadi 5 kwa sumaku yako ili mistari itawanyike, ndipo utafute mabadiliko madogo juu yake. Usipande sana kupita hapo bila kupanga mhimili: uga mkubwa unaopita ubavuni mwa NV huchanganya hali za spini na bonde hufifia.

Mistari minane

NV zinaweza kuelekea pande nne ndani ya fuwele, na kila upande unatoa matawi mawili. Sumaku iliyoelekezwa ovyo inakupa basi mistari minane, na wengi wakiiona hukata tamaa. Kumbe hiyo ndiyo zawadi, kwa sababu kipimo kimoja kinakupa ukubwa wa uga na uelekeo wake pia.

Panga mistari kwa jozi, wa nje kabisa na wa nje kabisa, kisha ingia ndani. Nusu ya umbali kati ya wawili wa jozi, ukigawa kwa 28, ni militesla za uga kwenye mhimili huo. Ukishapata namba nne, zipandishe zote kipeo cha pili, zijumlishe, zidisha kwa robo tatu, tafuta kipeo chake. Huo ni ukubwa wa uga wote, na hesabu hii haihitaji ujue jiwe limekaaje mezani. Kuna ukaguzi mwingine ninaousisitiza: zikipewa alama sahihi za kujumlisha na kutoa, namba hizo nne lazima zijumlike kuwa sifuri, kwa kuwa ndivyo mihimili minne ya almasi ilivyopangana. Usipopata mpangilio wowote wa alama unaokaribia sifuri, umeoanisha mistari vibaya.

Kwa anayeanza, njia ya mkato ipo. Vipande vingi vya bapa hukatwa ili uso wake mkubwa uwe sawa na uso wa mchemraba wa fuwele. Uga ukisimama wima juu ya uso huo, mihimili yote minne huuona sawasawa, na mistari minane inakutana kuwa miwili tu iliyo imara. Zungusha sumaku mpaka ikutane.

Joto, adui mpole

Nyuzi moja ya joto ikipanda, kitovu cha 2.87 hushuka kwa kilohezi 74. Anayefuatilia tawi moja tu atadhani uga umebadilika kwa mikrotesla 2.6. Leza inapasha jiwe, maikrowevu yanapasha kitanzi, na mtu akifungua dirisha kila kitu kinahama. Fuatilia matawi yote mawili daima: tofauti yao ni uga, wastani wao ni joto. Bila gharama yoyote umepata kipimajoto.

Hilo wengi hulijua. Wanalolisahau ni sumaku yenyewe. Neodimiamu hupoteza takriban sehemu moja kwa elfu ya nguvu yake kwa kila nyuzi. Ukiwa na uga wa militesla 5, hiyo ni mikrotesla 5 kwa nyuzi moja, mara mbili ya kosa la kitovu, na safari hii matawi yanaachana kihalali kabisa, hivyo hakuna hesabu itakayokuokoa. Weka sumaku mbali na amplifaya, ifunge kwenye kipande kizito cha aluminiamu, na ubandike kipimajoto cha kawaida juu yake. Washa vifaa vyote, nenda kanywe chai, kisha ndipo uanze kupima.

Kushuka hadi nanomita

Mpaka hapa tumepima wastani wa jiwe zima. Watu huiheshimu njia hii kwa sababu nyingine: NV yenyewe ina ukubwa wa atomu mbili, inafanya kazi katika joto la kawaida la chumba, na NV moja peke yake inaweza kuonekana. Jörg Wrachtrup na wenzake walilionyesha hilo Ujerumani mwaka 1997. Mwaka 2008 timu mbili, ya Harvard na ya Stuttgart, zikageuza wazo hilo kuwa kipimo cha sumaku.

Anayetaka kufika huko auzingatie umbali kabla ya kitu kingine chochote. Uga wa elektroni moja, ukipimwa nanomita 10 kutoka kwake, unakaribia mikrotesla 2. Kwa nanomita 20 umepungua mara nane. Kwa nanomita 100 umebaki nanotesla 2. Kiini cha haidrojeni ni dhaifu mara mia sita na zaidi: nanotesla 3 hivi kwa nanomita 10. Hakuna leza wala programu itakayofidia NV iliyokaa mbali. Vilevile, huwezi kutofautisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko umbali wa NV kutoka kwao.

Ndiyo maana NV za kazi hii hupandwa karibu na uso, kwa kufyatua ioni za nitrojeni zenye nishati ndogo ili ziishie nanomita 5 hadi 10 chini yake. Mafundi wengi hutumia nitrojeni-15, ambayo ni adimu kimaumbile. Sababu yake inapendeza: kiini chake hugawanya mstari mara mbili badala ya mara tatu, kwa hiyo grafu yenyewe inakuambia kama unaitazama NV uliyoipanda au iliyokuwemo toka mwanzo. Njia nyingine ni ncha ya almasi yenye NV moja kileleni, inayopitishwa juu ya sampuli. Kwa ncha ya aina hiyo timu ya Harvard ilichora mwaka 2013 uga wa spini ya elektroni moja. Mwaka huohuo watafiti wa IBM huko Almaden na wa Stuttgart walisikia viini vya haidrojeni vilivyo nje ya almasi, katika ujazo wa nanomita chache kila upande.

Ukaribu una gharama. Uso wa almasi una spini zake zinazopiga kelele, na NV iliyo jirani nazo hupoteza kumbukumbu mapema: mikrosekunde kadhaa au makumi, ilhali ndani kabisa ya almasi safi iliyopunguzwa kaboni-13 imefika karibu milisekunde 2. Usafi wa uso hapo ni nusu ya kazi, na hufanywa kwa mchanganyiko wa asidi kali zinazochemka. Asidi hizo waachie wenye maabara na mafunzo ya kemikali.

Kwa mwenye meza niliyoielezea, hatua ya kwanza kuelekea huko haihitaji ncha wala hadubini ya mamilioni. Nunua unga wa almasi za nanomita wenye NV, weka tone kwenye kioo, na upime muda ambao spini inadumu kwenye sifuri gizani. Washa leza kuiandaa, zima, subiri, washa tena, na ulinganishe mwanga wa mwanzo kabisa wa mpigo na ule wa baadaye. Ongeza muda wa kusubiri hatua kwa hatua. Kwa kuanzia, maikrowevu hayahitajiki. Sasa ongeza chumvi ya gadoliniamu, ioni ileile inayotumika katika dawa za kung'arisha picha za MRI. Spini zake zinatikisika kwa kasi kubwa, na muda wa NV utafupika waziwazi. Umepima kelele za sumaku zilizo nanomita chache tu kutoka kwenye chembe zako.

Mtego mmoja tu. Gizani, NV inaweza pia kupoteza au kurudishiwa elektroni moja, na mwanga wake ukabadilika bila spini kuhusika. Kipimo cha leza peke yake hakitofautishi mambo hayo mawili. Rudia kila kipimo mara ya pili ukiwa umepiga maikrowevu ya 2.87 kabla tu ya kusoma, kisha toa kimoja kwa kingine: chaji haisikii maikrowevu, spini inasikia, na kinachobaki baada ya kutoa ni cha spini.

Ukifika mahali pa kuagiza almasi yenye NV za juujuu, muulize muuzaji kina chake kilipatikanaje. Hesabu za kompyuta za ufyatuaji wa ioni hutoa makisio tu. Jibu linaloaminika ni la aliyeweka tone la mafuta ya hadubini juu ya jiwe, akapima nguvu ya ishara ya haidrojeni iliyomo kwenye mafuta, na kutoka hapo akahesabu NV hiyo iko chini kiasi gani. Kwa NV zilizo karibu na uso kiasi cha kutosha, kipimo hicho kinafanyika kwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo omba namba za kila NV na si wastani wa jiwe.